Mbwa wa Bucha

3 Machi

Mwanangu kitindamimba,

Salamu nyingi, na pole kwa kazi ya jikoni. Hujambo huko majini? Bahari imeacha kukutapisha? Mimi mzima, isipokuwa suruali za mafundi wa gereji zinataka kunivunja mgongo. Oili haitoki hata uisomee dua. Nakuandikia barua kwa sababu ile simu uliyoninunulia nimeifua. Ndiyo, nimeifua! Niliitia mfukoni mwa aproni, aproni nikaitia kwenye beseni. Cheka kwanza, halafu unisamehe.

La pili, usishtuke: mbwa wa bucha kaniuma. Yule yule mpole anayelala mlangoni, watu wanamruka tu. Nilikuwa nampelekea Bwana Bucha makoti yake meupe, mbwa akainuka bila hata kubweka, akanidaka kigimbi. Bwana Bucha akataka kunikimbiza hospitali. Nikamwambia mashuka ya gesti yameshaloa, nani atayafua, wewe? Kidonda nimekimwagia mafuta ya taa, nikafunga kitambaa. Ni vijitundu tu vya meno.

Mama yako, dobi.

15 Machi

Mwanangu,

U mzima? Barua yangu ya kwanza hujaijibu, najua meli yenu bado haijatia nanga. Kidonda kinapona vizuri. Sasa sikia kichekesho: mbwa kafa! Hazikupita siku nyingi akaanza kutoka udenda, anayumba kama mlevi, anang'ata mpaka mlango. Asubuhi moja kakutwa amekauka. Kaniuma mimi, kafa yeye! Mtaa mzima sasa wananiita Mama Sumu. Jirani yangu mshonaji kanishauri nitundike bango: MBWA, JIHADHARINI NA DOBI. Nimecheka mpaka mbavu zikaniuma. Maskini Bwana Bucha kalia kama kafiwa na ndugu, nikamhurumia. Basi, kesi imekwisha.

Mkataba ukiisha uje moja kwa moja, usipitie kwa mtu. Chumba chako nimeshakipaka chokaa.

Mama Sumu (usiwaambie wenzako).

22 Aprili

Mwanangu mpenzi,

Salamu. Mwandiko usikutishe, mkono unatetemeka. Kigimbi kilishapona, lakini palepale panawasha na pana ganzi, kama siafu wanapita ndani ya nyama. Homa nayo haiachi. Na kuna jambo naona haya hata kuliandika: maji yananishinda. Nikiinua kikombe koo linajifunga, nashtuka, namwaga. Leo nimefungua bomba nijaze beseni, ule mlio tu wa maji ukanitoa mbio mpaka uani. Dobi kuogopa beseni, umesikia wapi? Mshonaji ndiye ananisuuzia nguo za watu. Anasema kesho ananipeleka hospitali, nitake nisitake, nami nimekubali.

Nina kiu, mwanangu. Ningependa sana ungekuwa hapa.

Mama.

2 Mei, bandarini

Mama yangu,

Shikamoo. Leo salamu zitakuwa fupi. Tumetia nanga asubuhi, nimekabidhiwa barua zako mbili kwa mpigo, ya kuumwa na ya kifo cha mbwa. Nikawasomea wenzangu jikoni, watu hoi kwa kicheko. Nesi wa meli peke yake hakucheka. Aliweka kikombe chini, akaniuliza, "Mama yako alichomwa sindano?"

Mama, yule mbwa alikuwa na kichaa cha mbwa. Nesi anasema mtu akiumwa aoshe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, robo saa nzima, kisha aende hospitali siku ileile achanjwe, na arudi mpaka amalize sindano zote. Mafuta ya taa si dawa. Sabuni, mama! Wewe unayelala na kuamka na sabuni! Nisamehe, sikugombezi. Nimeishika kalamu huku nalia.

Anasema hujachelewa, maadamu dalili hazijaanza. Hata kama kidonda kimepona, nenda. Ukiisoma barua hii acha nguo zielee, vaa viatu, nenda. Waambie pia kwamba mbwa alikufa, na tafadhali usiwaambie kwa utani wako. Nimemuuliza dalili zenyewe ni zipi. Kasema palipoumwa huanza kuwasha na kufa ganzi, halafu mgonjwa anaogopa maji. Nikamuuliza, zikishaanza je? Akanishika bega, akanisogezea karatasi niandike. Nikamwambia mama yangu ni dobi, anashinda mikono majini tangu sijazaliwa, yeye na maji hawaachani.

Simu ya bucha naipiga tangu asubuhi, inaita tu. Labda wana wateja wengi. Nimeomba ruhusa nije, nahodha amesema nisubiri mpaka bandari ijayo. Nitaikuta barua yako hapo. Hata mstari mmoja unanitosha, mama. Niandikie tu kwamba leo umekunywa chai.

Kitindamimba wako.