Moyo wa Mwanasesere

Jumatatu, 3 Machi 2025

Watu wa shirika la misaada wameleta tableti hapa hospitalini. Ndani kuna mchezo wa kumtuliza mtoto kabla ya upasuaji: dubu wa theluji anachomwa sindano, kwa Kifaransa. Theluji, Bunia! Nimewauliza mtoto wa Djugu amjulie wapi dubu huyo. Mchezo umeshajaribiwa, wakasema. Wapi? Kwa nani? Nilitaka kuwachapa kwa makala gazetini — hapana. Nitashona mwanasesere wangu.

Jumatano, 5 Machi

Mwanasesere wa kitenge. Kifuani nimemwekea kidude kinachotumia pile, betri za redio. Ukibonyeza, moyo unagonga. Nimempa Arlette, miaka sita. Jeraha la mguu limeoza. Akiona barakoa ya kulaza usingizi anapigana, na upasuaji umeahirishwa tena. Daktari anasema wakichelewa zaidi mguu utakatwa. Mama yake alikufa usingizini, njiani, wakikimbia vita Djugu. Amebaki na nyanya yake, Mama Angélique, ambaye hata wodini humtisha: nyamaza, nitaita munganga akupige shindano. Mji mzima unalea watoto kwa kuwatishia sindano ya daktari, kisha unashangaa wakilia.

Alhamisi, 6 Machi

Arlette amemvisha mwanasesere kifuniko cha chupa usoni, kama barakoa, akamlaza, akabonyeza. "Iko inapiga." Muuguzi Domitille akamwambia: na weye vile vile, utalala, moyo itaendelea. Akakubali! Upasuaji ni kesho asubuhi.

Mama Angélique kanichokoza: "Mwandishi, leo umeshona, haukutukana mutu."

Ijumaa, 7 Machi

Pile zimekwisha. Arlette alibonyeza mpaka zikaisha. Sikuliwaza hilo — mimi, bingwa wa kusuta wasiowaza.

Nimemkuta amemfunga mwanasesere ndani ya kitambaa, kichwa mpaka miguu. Alikufa mu usingizi, akasema. Machela ilikuwa tayari mlangoni. Nikakimbilia pile za redio ya Domitille, nikamfungua mwanasesere kifua mbele ya mtoto, nikaziweka. Moyo ukagonga. Domitille akashusha pumzi.

Arlette hakucheka. Alitega sikio. Kisha akauliza, polepole:

"Na mama, mulikosa pile?"

Mama Angélique akageukia ukuta. Mimi nikasema naenda kutafuta maji.

Naandika kwenye benchi, nje ya mlango. Uko wazi. Arlette amekaa ukingoni mwa kitanda, hataki kupanda machela mpaka nirudi. Anabonyeza. Nausikia ule moyo mpaka hapa.