Pua Niliyoichonga Mwenyewe

Ipagala, Jumamosi jioni, mwezi wa saba.

Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia mpaka ndani ya droo ninamofungia kamera. Baridi nayo haijaachia. Sina hamu ya chakula wala ya mtu.

Nianze na wateja, maana kuwasema wao ni rahisi.

Huu ni mwaka wa kumi na moja napiga picha, katika chumba kimoja chenye pazia la bluu na kiti cha plastiki, na nasema bila kumung'unya maneno: nimewachoka watu wanaojipiga picha wenyewe. Wanafika hapa wakiwa wameshajipiga selfi ishirini nje ya mlango wangu, midomo wameibinua kana kwamba wanapuliza uji wa moto. Wanakaa kwenye kiti, napiga, nawaonyesha, wanashtuka. "Mbona hapa sijatokea?" Umetokea, dada. Tatizo ni kwamba umetokea wewe.

Wanaume nao wasijifanye. Wiki hii kaka mmoja wa ofisini, suti imenyooka, alikuja kupiga picha ya kitambulisho. Akanisogelea kwa siri kama mtu anayeulizia dawa ya aibu, akaomba nimpunguze kidevu na nimwongeze ndevu. Ya kitambulisho. Mlinzi wa getini atamtambuaje, hilo watajuana wenyewe.

Na mimi ninawafanyia. Hilo naliandika haraka nipite.

Kwenye kompyuta nina programu inayolainisha uso kwa kubonyeza mara moja, na siku yenye foleni nabonyeza bila kutazama. Mwezi uliopita ilimfuta mama mmoja mzee wa Kigogo ile alama ya duara aliyowekewa katikati ya paji la uso akiwa mtoto. Programu iliona doa. Mimi ni Mgogo, mama yangu mzazi anayo alama hiyohiyo, na sikuona kitu. Kesho yake mwanawe akazirudisha picha kwenye bahasha, akasema mama amekataa kuzipokea, anauliza huyo bibi aliyepigwa ni wa ukoo gani. Nilimpiga upya bila malipo, na kisa hicho nimekuwa nikiwasimulia watu kama kichekesho.

Leo saa nne akaja Pendo.

Pendo ni mdogo wangu wa mwisho, tumepishana miaka kumi na minne. Mama alipoanza kuugua miguu, nilimchukua Pendo kutoka Mpwapwa nikamlea mimi. Sasa yuko mwaka wa pili chuoni, anakaa hosteli huko Chimwaga. Akaniamkia, akakaa kwenye kiti, akaomba picha tatu: moja ya mbele, moja ya ubavu wa kulia, moja ya ubavu wa kushoto. Usoni hakuwa amejipaka kitu. Akasema nisilainishe popote.

Nilifurahi kijinga. Nilidhani ni za kuombea nafasi ya mafunzo kwa vitendo, na nikajisifia moyoni kwamba angalau nyumbani kwetu kuna msichana mmoja asiyeogopa uso wake. Nilimpiga kwa uangalifu kuliko nilivyowahi kumpiga bibi harusi yeyote.

Nilipomuuliza zinakwenda wapi, alijibu bila kuficha. Kuna kliniki Dar inapunguza pua. Wameshaongea naye kwa simu. Wanataka picha halisi za pande tatu, pamoja na moja ya jinsi anavyotaka kuwa. Anazituma Jumatatu, na likizo ikifika anakwenda kupasuliwa.

Nikamwaga yote. Nikamwambia huo ni ujinga wa kujitazama kwenye simu kutwa nzima. Simu ukiishika kwa mkono wako mwenyewe, pua inakuwa karibu na lenzi kuliko masikio, kwa hiyo lazima itoke kubwa. Hata pua ya malaika ingetoka kama kiazi. Nikamwambia anataka kukatwa kisu kwa kosa la lenzi. Nikamwambia hao wa kliniki wanaishi kwa wasichana wapumbavu. Neno wapumbavu nililisema mara mbili, na mteja aliyekuwa mlangoni akageuka akaenda zake.

Pendo alinisikiliza mpaka mwisho. Yeye si mtu wa kupandisha sauti, hata utotoni hakuwa akilia kwa kelele.

"Selfi najua zinadanganya, dada," akasema. "Mimi sikuanzia kwenye selfi."

Akafungua simu, akanionyesha ile picha anayotaka kufanana nayo.

Nilitegemea kuona msanii fulani, au mmoja wa hao wa mtandaoni wenye pua kama zimetoka kiwandani. Ilikuwa picha yake mwenyewe, ya mahafali ya kidato cha sita. Niliipiga mimi, na nakala yake iko kwenye fremu, ukutani kwa mama Mpwapwa. Ina pua nyembamba, iliyonyooka. Pua hiyo niliichonga mimi kwenye kompyuta hii, dakika tano, bila kuombwa na mtu. Nilitaka atokee vizuri. Nilimpa kama zawadi.

"Uliponipa nilikwenda nayo mpaka kwenye kioo," akasema. "Kabla ya siku ile sikuwahi kuifikiria pua yangu. Nikajiuliza, kama dada anayenipenda ameona ipunguzwe, wengine wanaona nini?"

Tangu hapo, akaniambia, kila anapojipiga selfi anailinganisha na ile picha. Zaidi ya miaka miwili sasa. Hakuwahi kuniambia kwa sababu aliona nitajisikia vibaya.

Nilikosa pa kuyaweka macho. Nikamwambia ngoja, nitakuonyesha ile ya kwanza, kabla sijaigusa, ujione ulivyokuwa umependeza. Nikafungua diski, nikatafuta mahafali yale faili kwa faili. Wenzake wote wapo, kila mmoja na picha mbili, ya asili na niliyoichezea, maana wateja hulalamika na mimi hujihadhari. Ya kwake iko moja. Nilihifadhi mpya juu ya ile ya zamani. Yeye nilijua hatalalamika.

Alisimama nyuma ya kiti changu akaona. Aliniomba tu nimtumie zile tatu kabla ya Jumatatu, akavaa koti lake, akaaga.

Nimejidharau leo kuliko nilivyowahi kumdharau mteja yeyote. Kliniki inakaa ikingoja mtu aje na kasoro yake mkononi. Kuna aliyemkabidhi hiyo kasoro kabla, na kwa mdogo wangu aliyemkabidhi ni mimi. Wale wanaobinua midomo nje ya mlango wangu wanajidanganya wenyewe tu. Mimi nilimdanganya mtoto niliyemlea, halafu nikamtilia fremu.

Zile tatu nitamtumia. Uso ni wake na yeye ni mtu mzima. Nitamwandikia kwamba nilikosea, bila hotuba ya lenzi. Na kesho asubuhi napanda basi la Mpwapwa, naishusha ile ya ukutani, naweka hii ya leo ya mbele. Pendo atakwenda kumuaga mama kabla ya safari ya Dar, na ataikuta hapo. Huenda isibadilishe kitu.

Kwa hiyo jioni hii nimeifungua ili niichape kubwa. Nimeikuza ikajaa kioo chote cha kompyuta. Ni uso mzuri, umetulia, umechoka kidogo. Nikaongeza mwanga kidogo. Nikakata pembeni. Kuja kuzinduka, kile kialama cha kuchongea kilikuwa kimeshakaa ubavuni mwa pua yake, na nilikuwa nimeshabonyeza mara moja.

Nimeirudisha ilivyokuwa na kuichapa. Iko hapa mezani, wino haujakauka, na kila nikiitazama nashika mikono yangu magotini. Kama mimi siwezi kukaa na uso wake dakika kumi bila kuukosoa, yeye nimwombe vipi akae nao maisha yake yote?