Dereva Aliyepanga Jeshi Foleni

Malaba

Kaka Wafula mpendwa,

Hujambo? Hapa kwa shangazi mvua hunyesha kila alasiri. Mwaka mzima tumefinyanga askari wa udongo, tukawapaka rangi na kupiganisha majeshi yetu mezani kwa kurusha dadu, mpaka ukasema tuache, na kwamba utawagawia watoto askari wako, kwa sababu hakuna mwingine anayeupenda mchezo huu. Leo dereva wa lori aliyekuwa akingoja kuvuka mpaka aliwaona askari wangu, akaomba nimfundishe. Akapanga jeshi lake lote foleni moja!

Dereva mwenzake akacheka, "Boss, hapa si foleni ya kastamu! Watamalizwa mmoja mmoja."

Wakamalizwa kweli. Dereva akaokota dadu, akasema, "Dada, panga tena."

Tukacheza mpaka lori lake likaitwa. Tafadhali, usiwagawe askari wako. Ubaki salama, kaka yangu.

Dadako,
Nekesa