Baba Anamwagilia Mashua

Mdogo wangu kipenzi,

Gunia la vitunguu limefika salama. Mama ameshagawia nusu ya mtaa, akitamba kwamba mwanawe ni mkulima. Mimi nimenenepa, usicheke.

Baba hajambo. Ziwa limerudi nyuma tena, na mashua yake imebaki mchangani. Kila asubuhi anaimwagia maji ya kisima ili mbao zisikauke zikapasuka. Nilimtania, "Baba, wenzako wanamwagilia mchicha." Akacheka, akasema mashua iliyopasuka haitaelea maji yakirudi.

Samaki siku hizi tunanunua wa kopo. Mbele ya Baba tunawaita mboga tu.

Juzi nilimweleza kazi yako hasa: kwamba wewe ndiye unayefungua lango la mfereji, mto uingie mashambani kabla haujafika ziwani kwetu. Nilidhani atafoka. Badala yake alimenya kitunguu chako, akakila kibichi chote.

"Kina maji," akasema. "Mwambie anamwagilia vizuri."

Kisha akachukua ndoo yake, akaenda kwenye mashua.

Likizo ikifika, njoo umpokee hiyo ndoo. Mgongo unamuuma, ila hatakwambia.

Ni mimi dada yako, niliyekubeba mgongoni.