Komeo Lilikuwa Nje

Mdogo wangu wa damu,

Hujambo? Shemeji yangu hajambo? Na hilo goti lako, bado linatabiri mvua? Sisi huku wazima, ila mke wangu anasema nimepungua. Mwambie shemeji asisherehekee, uzuri wangu uko palepale. Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, na ukumbuke kwenye kisomo cha watu wazima nilitoka wa kwanza. Tulikuwa wanne, lakini wa kwanza ni wa kwanza. Ukiona herufi zinayumba, usiseme uzee. Nina hofu.

Wiki iliyopita walinijia watu wa chuo kikuu wanaofanya utafiti wa haki za binadamu. Wanataka habari za ule mgomo wa kiwandani, na zenu nyinyi kumi na mmoja mliofungiwa siku nne kwenye stoo ya rangi. Wako watatu, kila mmoja na ufundi wake: mwanasheria anauliza nani alitoa amri, daktari anapima makovu, na binti mmoja anachora ramani za majengo. Eti mmoja akidanganywa, mwenzake atagundua. Nikacheka moyoni. Hawajakutana na mimi, Redio, nisiyeishiwa maneno!

Sasa usikasirike kabla hujamaliza kusoma. Walipouliza kama namjua yeyote aliyefungiwa mle, niliwaambia ni mimi. Wewe hutaki kuyasema; tangu utoke ulinisimulia mara moja tu, tena umegeukia ukutani. Basi nikaivaa hadithi yako kama koti la kuazima. Nikawapa harufu ya rangi, mlivyolala kwa zamu, na yule fundi mitambo aliyeimba mpaka sauti ikamkauka. Mwanasheria akavua miwani, akaifuta. Daktari nikamwonyesha kovu la mguuni, akalipima kwa rula. Nawe unajua lile ni la baiskeli, siku niliyoachia mikono kuwaringia wasichana.

Yule binti ndiye aliyeniweza. Alinipa karatasi na penseli, akaniomba nichore stoo, nisifikiri sana, niache mkono uende wenyewe. Kwa maringo yangu nikachora chapchap: mlango, komeo, msumari wa funguo, benchi, ndoo ya mchanga. Akaiangalia wee. Kisha akaniambia kwa adabu kwamba humo ndani sijachora kitu. Nimechora korido, akasema, na komeo liko upande wangu.

Jasho lilinitoka mpaka kwenye kope. Nikasingizia macho. Hakubishana nami. Alisema watarudi Jumatatu, na kwamba neno moja la uongo likiingia kwenye kazi yao, wakubwa wa kiwanda watalishika hilohilo na kusema nyote kumi na mmoja mlikuwa waongo. Saba kati yenu wako kaburini, hawawezi kujitetea. Tangu siku hiyo geti likilia nashtuka, chai inapoa mkononi, na mke wangu anauliza kama redio imeisha betri.

Mdogo wangu, nilikwambia wiki ile ya mgomo nilihamishiwa ghala la pamba. Sikuhamishwa. Msimamizi alinipa funguo, akasema nifunge au niingie nami. Nilikusikia ukikohoa mle ndani. Kikohozi chako nakijua tangu tukilala mkeka mmoja. Nikafunga. Na yale maji yaliyokuwa yakipitishwa chini ya mlango kwenye mfuniko wa kopo, ambayo mpaka leo unamwombea dua aliyeyaleta, yalikuwa yangu. Lakini usinihesabie wema. Mwenye maji ndiye aliyekuwa na funguo.

Jumatatu nitamtaja msimamizi, maana amri ile niliisikia peke yangu, na nitajitaja mimi. Sitaongeza chumvi hata punje. Wewe sijakutaja. Ukitaka kusema, utasema mwenyewe. Koti lako nimekurudishia, ingawa nimelichafua.

Msalimie shemeji na wanao wote, na yule mdogo anayefanana na mimi mpe pole. Nijibu, mdogo wangu. Hata kwa matusi, nijibu.

Mimi kaka yako, kama bado unanitaka,
Redio