Beringi Yenye Rangi ya Kucha

Jumamosi, Julai 1974. Saa saba mchana, ofisini.

Baridi ya Julai imeingia hadi kwenye mifupa. Rasharasha tangu alfajiri, mji mzima umevaa koti. Mawakili wameshakwenda zao, makarani nao wamekwenda, nimebaki peke yangu kwenye benchi la matarishi na daftari hili. Dirisha halifungi sawasawa na upepo unapekua kurasa, kwa hiyo nimelaza kile chuma changu juu yake kama kawaida.

Leo nimeponea chupuchupu.

Nilikuwa nimepeleka karatasi za mteja Kitisuru. Nikirudi, pale penye mteremko, gurudumu la nyuma likaanza kusaga. Sauti hiyo sasa naijua, kama jiwe la kusagia wimbi. Kisha pikipiki ikaanza kutikisa kiuno yenyewe, mimi nakwenda huku, yenyewe inakwenda kule, tukaishia kwenye ua wa kayaba wa watu. Miiba imenichana mkono wote wa kushoto. Niligusa katikati ya gurudumu, nikaungua kidole.

Beringi. Za kwanza zilikufa mwezi wa Mei; tangu hapo nimefungiwa mpya mara mbili, Mei na Juni, nazo zote zimekufa, na mara zote mbili zilifungwa na mkono mmoja.

Mkono wa Kamau.

Kamau ni fundi wa pikipiki kule Grogan, mtu wa Kinoo, si wa kabila letu, mikono ya grisi na ulimi wa asali. Ingekuwa ufundi tu ningemhama, mafundi wamejaa Nairobi. Lakini Kamau anataka kumwoa Rhoda, dada yangu mdogo, ambaye naishi naye Kileleshwa na ni yaya kwenye nyumba ileile tunayokaa uani. Rhoda naye anamtaka. Baba ameandika kutoka Maragoli: wewe uliye Nairobi ndiwe jicho langu, ukiridhika nami nimeridhika. Wazee wa Kamau wanangoja neno langu wapande basi.

Jicho la Baba limeona nini? Limeona beringi zinakufa.

Mchezo wenyewe unajulikana. Unanunua kitu kipya, unakalishwa juu ya tairi na kikombe cha chai, fundi anazunguka nyuma ya ukuta. Akirudi, kipya chako kimeshaingia kwenye pikipiki ya mtu mwingine, nawe umefungiwa mzee aliyeoshwa kwa petroli. Mei sikuwa mwangalifu. Juni nikajifunza. Nilizinunua mwenyewe kwa Mhindi wa spea, mbili, moja ya kila upande wa gurudumu, na kabla ya kumkabidhi Kamau nikazitia kila moja nukta ya rangi nyekundu ya kucha. Rangi ni ya Rhoda. Nilimnyang'anya wakati wa Pasaka, nikamwambia mapambo ya namna hiyo hayapatani na watu wa kanisa. Hajui kwamba sikuitupa.

Mimi ni mtu wa kuhesabu njiti za kiberiti, najijua.

Leo sikumpelekea pikipiki asubuhi. Dereva wa lori la maziwa alinihurumia akatubeba hadi mjini, nami nikaifunga kwa mnyororo kwenye nguzo nyuma ya ofisi. Kamau hataigusa mpaka niwe nimesimama juu ya kichwa chake. Atafungua gurudumu mbele ya watu. Nukta nyekundu isipoonekana, bahasha iliyo mkobani mwangu inakwenda posta leo hii. Niliiandika jana: Baba, mtu huyu si mwaminifu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Afadhali kumjua kabla hajaitwa shemeji.

Saa kumi na mbili jioni, Kileleshwa.

Sijui nianzie wapi.

Niliisukuma pikipiki hadi Grogan, gurudumu likilia njia nzima na watu wakigeuka kunitazama. Kamau alikuja mbio, akaona damu mkononi, akataka kwanza aniletee maji. Nikamwambia maji baadaye. Nikasema kwa sauti, mafundi wote wasikie, kwamba nataka afungue palepale nilipo, na kwamba beringi zangu nimezitia alama.

Kwa fundi, maneno hayo ni sawa na kumwita mwizi.

Kamau alinitazama kidogo, kisha akachukua spana. Alitoa ekseli, akashusha gurudumu, akagonga beringi ya kwanza kwa nyundo na patasi. Ilitoka imevunjika, gololi zimeumwa na kutiwa weusi na moto. Akaifuta kwa kitambaa mbele ya macho yangu.

Nukta ilikuwepo. Nyekundu, ndogo, palepale nilipoiweka.

Ya pili pia.

Fundi mmoja mzee akaangua kicheko. “Ala! Hii beringi imepakwa rangi kama bibi harusi!” Gereji nzima ikacheka, na Kamau akacheka kidogo, lakini masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi. Nadhani aliitambua ile rangi. Labda aliwahi kuiona kwenye vidole vya Rhoda.

Ningetamani mambo yangeishia hapo. Ningemwomba radhi, nikachekwa, nikaenda nyumbani.

Lakini Kamau alikuwa ameinama, ameingiza kidole kwenye tundu la gurudumu, anakizungusha kama daktari. Akaniita nisogee.

“Mzee, angalia hapa. Hapa katikati kunatakiwa kuwa na bomba, fupi hivi. Inakaa kati ya beringi hii na hii. Ukikaza nati, hiyo bomba ndiyo inabeba. Kama haiko, beringi zinafinyana zenyewe mpaka zinakufa. Hata ufunge mpya kila Jumatatu.”

Akanionyesha urefu wake kwa vidole viwili.

Niliujua urefu ule. Niliujua vizuri sana, maana kitu chenyewe kilikuwa mkobani mwangu, ubavuni pangu, kimelala juu ya bahasha ya Baba.

Pasaka nilijifanya fundi. Nilitandika gunia hapa uani, nikafungua gurudumu nilitie grisi, nikalirudisha, na kibomba cha chuma kikabaki juu ya gunia. Nilikitazama. Gurudumu lilikuwa linazunguka vizuri, basi nikasema Waingereza nao wana mambo, wanaweka vyuma vya ziada. Kilikuwa kizito na laini, kizuri mkononi. Nikakifanya cha kuzuia kurasa.

Kamau akaniuliza, “Yule mzungu aliyekuuzia pikipiki, alikuwa anaifungua mwenyewe?”

Nikasema, “Labda.”

Neno moja. Lilitoka kabla sijaliita.

Naye Kamau akasimama wima, akawaambia wenzake walewale waliosikia nikimtilia shaka: “Basi makosa ni yangu. Aina hii sijafungua nyingi, nilifikiri imetengenezwa hivyo. Ningeuliza tangu Mei, huyu mzee hangeumia.” Akaongeza kwamba kesho asubuhi atakata bomba jipya kwa msumeno huko kwao Kinoo, alipige tupa mpaka lienee. Kesho ni Jumapili. Atakosa kanisa kwa ajili yangu.

Ndipo akaniletea yale maji. Nikaosha mkono, nikasema asante, nikaondoka na mkoba wangu nimeubana kwapani.

Mwizi alikuwa nani pale?

Nimejiuliza kutoka Grogan hadi hapa, kwa miguu. Na jingine nimejiuliza, niliseme hapa kwa kuwa daftari halina mdomo. Kamau angekuwa mtu wa kwetu Maragoli, mwezi wa Juni ningesema bahati mbaya. Leo pia. Kwa kuwa ni mtu wa Kinoo, nilisema wizi tangu siku ya kwanza, kisha nikaanza kutafuta ushahidi.

Naona aibu. Sina neno jingine.

Rhoda aliingia na chai akanikuta nimekishika kile chuma mikononi kama mtu anayeota moto. Nikamweleza yote, hata “labda.” Alisikiliza amesimama. Nilitegemea atapiga kelele.

“Miezi yote hii unamwona mwizi,” akasema polepole, “na kitu unacho wewe?”

“Ninacho.”

“Na rangi yangu?”

Nikamwonyesha kabati. Aliichukua ile chupa, akaitikisa, akaiangalia kwenye mwanga wa dirisha kuona imebaki kiasi gani. Nikamwomba, kwa kuwa kesho atakutana na Kamau baada ya ibada, ampelekee chuma na salamu zangu.

“Kaka, kilichoumia ni mkono. Miguu unayo.”

Akatoka. Anapaka kucha sasa hivi huko nje kwenye ngazi, mlango wazi, makusudi nimwone.

Ile barua niliyomwandikia Baba nimewashia jiko. Nitaandika nyingine, lakini si kabla ya kusimama mbele ya Kamau, na ikiwezekana mbele ya mama yake pia. Pikipiki haina gurudumu, kwa hiyo nitatembea. Nikitoka kabla ya jua, nitafika Kinoo hajashika msumeno. Atanisamehe? Sijui. Huenda safari hii wazee wake ndio watakaouliza kama ukoo wetu ni wa watu waaminifu.

Chuma nimekifunga kwenye leso, kimo mfukoni mwa koti la kesho. Upepo unapita chini ya mlango, na ukurasa huu nimeubana kwa kiwiko.