Arusi Iliyofuata Ngoma Yangu

Mjukuu wangu Ambani,

Hujambo huko mbali? Sisi tu wazima. Nyanya yako ameliomba kanisa likuombee, maana haelewi mtu mwenye digrii anarudishwaje darasani.

Unaniuliza kama kwenye onyesho lako la mtihani wa uzamili upige isukuti, ngoma yetu, ukiwa umefumba macho, kama wenzako wanavyofanya na vinanda vyao.

Nikiwa kijana nilipewa ngoma kubwa niongoze msafara wa bibi arusi kwenda kwa mumewe. Kwetu watu hufuata ngoma, hawafuati barabara. Utamu ukanipanda kichwani, nikafumba macho, nikaiachia miguu njia. Nayo miguu ilijua njia moja tu. Nilipofumbua, nilikuwa uani kwetu, arusi nzima nyuma yangu, mama anapiga vigelegele.

"Mama, huyu ni wa wenyewe!" nikamwambia.

"Harudi mtu," akasema. "Kuku nimeshachinja."

Fumba macho ukiwa chumbani kwako, Ambani. Ukishatoka mbele za watu, kumbuka wanakufuata, na hawajui unawapeleka wapi.

Babu yako

Nyanya yako anasema niongeze: bibi arusi alimaliza kuku kwanza, ndipo akakubali kubaki.